Barua ya Mke Wangu Niliyoificha

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenisimamisha mbele yenu asubuhi hii. Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi majirani zetu Waislamu mlioketi pale karibu na mlango, mliokuja kwa heshima ya nyumba yangu, salaam aleikum. Mimi nimezoea kuandika, sikuzoea kusema. Lakini neno hili nimelibeba muda mrefu, na leo nataka kulitua.

Wengi mnanijua. Mimi ni Zefania, Mshambaa, mtoto wa mkata mkonge. Baba yangu aliteremka kutoka milimani kuja kufanya kazi katika shamba hili, akafia hapa hapa nikiwa darasa la sita. Nilitamani sana kuwa mwalimu. Nilipeleka maombi mara mbili, na mara zote mbili nilijibiwa kwamba nafasi zimejaa, tena sina mtu wa kunilipia. Basi nikaingia ofisini nikawa karani wa shamba. Asubuhi niliandika majina ya vibarua, na kila siku alasiri nilipokea mfuko wa barua uliotoka stesheni ya Muheza.

Kambi nzima ilinitegemea. Asiyejua kusoma nilimsomea, asiyejua kuandika nilimwandikia. Na zaidi ya hayo nilikuwa na sifa moja: nilijua kutafuta nafasi za masomo. Kila nilipokwenda Muheza nilisimama mbele ya ubao wa matangazo wa halmashauri ya wenyeji, nikapita na kanisani, nikauliza na hospitali. Shule ya ufundi inataka vijana. Serikali inatafuta watu wa kufundishwa udresa, kazi ya kuwafunga wagonjwa vidonda. Misheni itawalipia watakaosomea ualimu. Nikirudi nawaita wazazi, nakaa nao, nawaandikia maombi kwa mwandiko wangu mzuri, nawaeleza ni nani wa kumpelekea na ni nani wa kuwatilia sahihi. Na watoto wa watu walikwenda! Walikwenda kweli. Walirudi likizo wamevaa viatu, wakaja ofisini kunishukuru.

Niliwapa mkono, nikacheka nao. Lakini moyoni, ndugu zangu, hapakuwa na kicheko. Nilikuwa nikijiuliza: huyu nimemwandikia mimi, na mimi aliniandikia nani? Kijicho kilinila kama mchwa anavyoula mlango. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani ni unga mtupu. Hakuna aliyejua. Mwinjilisti hakujua, mke wangu hakujua. Nilikuwa naimba kwaya na kijicho changu.

Sasa nimtaje mke wangu, Damari. Alipokuja kwangu kutoka milimani alijua kusoma kitabu cha nyimbo tu, na nusu yake alikuwa anakisoma kwa kichwa, kwa kuwa nyimbo nyingi alizikariri tangu utotoni. Kuandika nilimfundisha mimi. Kila Jumapili alasiri tuliketi barazani, tukatumia migongo ya karatasi kuukuu za ofisi. Aliipenda sana herufi ya D, akaiandika kwa mkaa mpaka kwenye mlango wa jiko, na sikumruhusu mtu kuifuta. Zilikuwa siku tamu. Mtu akiniuliza mapenzi ni nini, nitamwonyesha ule mlango wa jiko.

Jirani yetu alikuwa Bi Mwanakombo, mama wa Kidigo kutoka pwani, mkunga wa kambi yote. Wanawake wa dini zote na makabila yote walizalia mikononi mwake. Lakini macho yake yalianza kuingia ukungu, akawa anamwita Damari amsaidie. Damari akawa macho yake. Alikwenda naye nyumba kwa nyumba, akajifunza kila Bi Mwanakombo alichokijua, na akaona pia yale ambayo Bi Mwanakombo hakuyajua.

Siku moja mwanamke mmoja wa kambi alifariki katika uzazi, yeye na mtoto. Damari alirudi nyumbani mchana, hakula. Aliketi akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa nimemshika mkono, Baba Tabitha," akaniambia. "Nilijua kushika mkono tu."

Hazikupita siku nyingi nikaona tangazo kule Muheza. Halmashauri itawalipia wanawake wachache wakasomee ukunga katika hospitali ya misheni huko milimani, mwaka mmoja na nusu. Chakula, nguo na nauli juu ya halmashauri. Awe anajua kusoma na kuandika, awe na tabia njema, na kama ameolewa awe na ruhusa ya mumewe. Nilimsimulia Damari wakati wa chakula, nikimsimulia kama habari tu. Akaweka chini kibakuli.

"Niandikie," akasema.

Ndugu zangu, nilimwandikia. Msidhani nilikataa. Nilimwandikia kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, nikaweka sahihi ya ruhusa, nikaitia barua katika mfuko mimi mwenyewe. Na leo nitawaambia kwa nini nilikuwa mwepesi hivyo. Nilikuwa na hakika hawatamkubali. Mwanamke mwenye watoto wawili, asiyekanyaga shule ya maana, atashindana na mabinti wa mjini? Nilijiona mume mwema kwa sadaka ambayo sikutegemea kuitoa.

Jibu lilikuja. Lilikuja alasiri katika mfuko wa Muheza kama barua nyingine zote, na bahasha ilikuwa na jina lake. Niliifungua. Amekubaliwa. Halmashauri itamlipia kila kitu. Aripoti hospitali siku ya Jumatatu, baada ya majuma matatu.

Nilipaswa kutoka ofisini mbio. Sikutoka. Niliketi nikaisoma tena. Nikamwona Damari amevaa sare nyeupe. Nikawasikia watu wa kambi wakisema, mke wa karani amempita karani. Nikajiona napika, nafua, naulizwa na wanaume wenzangu mkeo yuko wapi. Na chini ya yote kile kijicho kilinung'unika: hata huyu! Hata huyu niliyemfundisha herufi ya D!

Nikasema, nitampa Jumapili, nimfurahishe vizuri. Nikaitia barua ndani ya daftari kuukuu la majina ya vibarua, nikalirudisha rafu ya juu. Jumapili ikafika, nikasema Jumapili ijayo. Ndivyo dhambi inavyofanya kazi, ndugu zangu. Haikuambii, iba. Inakuambia, subiri kidogo.

Kila nilipoingia nyumbani Damari aliniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ameona aibu kutumaini.

"Imekuja?"

"Bado."

Ananipokea kofia, ananiletea maji ya kunawa. Nilikula chakula chake na ile "bado" yangu ikiwa mdomoni. Ile Jumatatu ya kuripoti ilifika, ikapita. Nilidhani nitapumua. Sikupumua. Nilianza kumchukia kila aniulizaye habari, nikamfokea Tabitha binti yetu kwa kosa la kumwaga unga. Ibada nilihudhuria, lakini sala zangu zilikuwa kama kugonga nyumba ambayo najua mwenyewe nimeifunga kwa ndani.

Sasa nifike penye siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, Jumapili ya kwanza tangu ile Jumatatu kupita. Damari alikuja barazani na karatasi mbili nyeupe na kidau cha wino, akaketi mbele yangu, na Yona mwanetu mdogo yuko mapajani mwake.

"Nadhani mwaka huu wamejaa," akasema. "Si neno. Niandikie tena ya mwaka ujao, iwahi mapema. Mimi nitasema, wewe andika. Mwandiko wako unapendeza."

Nikachovya kalamu. Alisema polepole, akifikiri kila neno. Alisema yeye ni Damari, mke wa Zefania, anaomba kwa mara ya pili, hana kinyongo kwa kutojibiwa kwa sababu anajua waombaji ni wengi. Nikaandika. Alisema ana watoto wawili na wote wameachishwa ziwa. Nikaandika. Kisha akanitazama, akatabasamu, akasema:

"Weka na hili. Mume wangu ananiruhusu kwa moyo mweupe. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu, na bila yeye nisingejua hata kuomba."

Ndugu zangu, kalamu ilisimama. Niliuona mkono wangu pale juu ya karatasi kama mkono wa mtu mwingine.

"Andika, Baba Tabitha. Wino umekwisha?"

"Haujaisha," nikasema. Nikaondoka nikamwacha na karatasi yake.

Nilikwenda mpaka katikati ya mkonge, mahali ambapo hapaonekani nyumba wala njia, nikapiga magoti katika udongo mwekundu. Sikuona mwanga. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilichokisikia ni sauti yangu mwenyewe ikisema kwa mara ya kwanza jambo la kweli: Bwana, mimi ni mwizi. Nimemwibia anayenipenda. Namwonea kijicho mke wangu, niliwaonea kijicho watoto niliowaandikia, na nakuonea kijicho hata wewe unayewapa watu nafasi usizonipa mimi. Nikalia. Sikulia hivyo hata kwenye maziko ya baba. Na nilipokwisha kulia, kile kitu kilichokuwa kinanila hakikuwapo. Bwana alikitoa, ndugu zangu! Hofu ilikuwapo bado, hofu nyingi sana, lakini kijicho kilikuwa kimetoka. Nilijua kimetoka kwa sababu niliwaza Damari katika sare nyeupe, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi itakavyompendeza.

Nilipitia ofisini, nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaichukua barua. Nikamwekea Damari mezani.

Aliisoma mwenyewe, akifuatisha maneno kwa kidole. Haikuwa ndefu, lakini ilimchukua muda. Alipofika kwenye tarehe kidole kilisimama.

"Ulikuwa unanijibu 'bado'," akasema.

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Kila siku."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alikunja barua, akaitia kifuani, akamfunga Yona mgongoni, akamshika Tabitha mkono, akaenda kwa Bi Mwanakombo.

Nilikaa siku tatu peke yangu katika nyumba ile. Siku ya tatu Bi Mwanakombo alikuja, akiipapasa njia kwa fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakataa kuketi.

"Mkeo yuko kwangu," akasema. "Anakula, analala. Hajaniambia ulichomtenda, na mimi sikumuuliza. Ila nakujua tangu hujaota ndevu, mwanangu. Ukija kumchukua usije na maneno matamu. Njoo na jambo."

Nikafikiri sana juu ya jambo hilo. Asubuhi yake nilikwenda kwa meneja wa shamba, Mgiriki, mtu mkimya ambaye sisi makarani tulimwogopa kuliko anayefoka. Nilimweleza yote. Nilimwambia nimeizuia barua ya mtu, na kwamba naomba ruhusa ya siku nne nikamtetee mke wangu hospitali. Mnaelewa nilichokuwa nafanya? Karani wa barua anayekiri kuzuia barua amejichimbia shimo.

Aliniuliza ni barua ngapi nyingine nimezizuia. Nikamwambia hiyo moja tu, Mungu ni shahidi. Akanyoosha mkono kuuomba ufunguo wa ofisi. Akanipa siku zangu nne bila mshahara, akasema nikirudi sitaketi tena ofisini. Nitakwenda shambani kuhesabu matita ya mkonge juani.

Nilitoka pale sina ofisi, na moyo mwepesi kuliko siku zote za ukarani wangu. Nikaenda kwa Bi Mwanakombo, nikamwambia Damari mbele ya mlango: funga sanduku lako, kesho tunakwenda milimani, na mimi ndiye nitakayesema kwa nini umechelewa.

Asubuhi nililibeba sanduku lake kichwani nikapita nalo katikati ya kambi, mimi karani. Watu walitoka kutazama. Tabitha tulimwacha kwa Bi Mwanakombo, Yona tukamchukua. Katika garimoshi Damari hakunisemesha. Pale Muheza nilikuwa nimenunua machungwa. Tulipokwishapita stesheni kadhaa alilimenya moja, akampa Yona kipande, akala kipande, kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, akanipa kilichobaki. Nilikula chungwa lile kama mtu apokeaye meza ya Bwana.

Hospitali ilikuwa na mama mkuu wa wauguzi, Mzungu, mwenye miwani. Nilimwambia kosa langu mbele ya Damari na mbele ya msaidizi wake, sikuficha kitu. Akasema amesikitika, ila nafasi ile ya halmashauri imekwisha kupewa mwingine, na huyo mwingine amekwisha kuanza. Lakini Damari alisogea mbele.

"Mama," akasema, "mume wangu ameeleza lililo lake. Sasa naomba uniulize lililo langu."

Yule mama akamwuliza. Akampa kitabu asome, akasoma. Akamwuliza amewahi kuona nini, naye akamweleza akina mama aliowahudumia mmoja mmoja, waliopona na yule asiyepona, na yale aliyoyaona asijue afanye nini. Mwishowe yule mama alivua miwani. Akasema kitanda kimoja kipo wazi, ila fedha hapana. Atamkaribisha mwezi mmoja. Ndani ya mwezi huo tukipata wa kumlipia, atabaki. Tusipopata, atarudi nyumbani.

Niliagana na Damari penye lango. Yona alikuwa analia begani kwangu, anamtaka mama yake. Damari akamfuta machozi, kisha akanifuta na mimi.

"Nilikusamehe juzi," akaniambia. "Ila nilitaka kwanza nione kama utafika hapa."

Niliteremka mlima nikicheka na kulia, na watu njiani wakanipisha.

Sasa ndugu zangu, mimi niliyewatafutia nafasi watoto wa kambi nzima, nilianza kutafuta kwa ajili ya nyumba yangu. Nilikwenda halmashauri nikajibiwa kwa upole kwamba msaada wa mwaka huu umekwisha kugawiwa. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa, wakanipa walichokuwa nacho, shuka mbili na sabuni na maombi, nami nawashukuru, wengine wenu mko hapa. Niliandika barua huku na huku. Juma la kwanza likapita, na la pili. Kila siku nilikuwa juani nahesabu matita, nikirudi napika. Tena kupika kwenyewe! Tabitha aliyetazama bada yangu, ugali wetu wa muhogo, ilivyojaa madonge aliniuliza kama baba zake wote wa milimani wanapika hivyo.

Juma la tatu nikajua mlango mmoja tu nimeuacha bila kuugonga, kwa sababu ya aibu. Nikaomba, nikaenda. Niliingia kwa meneja moja kwa moja kutoka shambani, maji ya mkonge yamenikauka mikononi. Akaniuliza nataka nini tena.

Nikamwambia sikuja kuomba ofisi. Nikamwambia kuhusu mwanamke yule aliyefariki, jina lake, na jina la mumewe ambaye bado anakata mkonge wake. Nikamwambia Bi Mwanakombo haoni tena. Nikamwambia kuna mwanamke mmoja wa kambi hii ambaye sasa hivi yuko darasani, na asipopata wa kumlipia, mwisho wa mwezi atarudi akiwa anajua kushika mkono tu.

Meneja alisimama akaenda dirishani, akarudi. Akasema kampuni itamlipia Damari mpaka amalize, kwa sharti kwamba arudi kufanya kazi katika zahanati ya shamba. Nikaanza kumshukuru, akaninyamazisha. Akasema mkataba utakwenda kwa posta mpaka mikononi mwa Damari, ausome mwenyewe na kuutia sahihi mwenyewe.

"Wewe sikupi," akasema.

Nilistahili, ndugu zangu. Nikamwambia, asante bwana. Na nadhani, ingawa sina hakika, kwamba alipogeuka alikuwa anatabasamu.

Damari alikaa kule mwaka mmoja na nusu. Mimi nilibaki na watoto, na Bi Mwanakombo akatusaidia kama mama yetu. Wanaume walinicheka, wakaniita Mama Yona, nami nikaitika. Barua zake zilikuja. Niliziomba kwenye dirisha la ofisi kama mtu mwingine yeyote, na karani mpya akiniambia bado, nilikuwa nageuka naondoka na kichwa chini. Nilijua sasa neno hilo lina uzito gani kwa anayeambiwa. Mwandiko wake ulikuwa unanyooka kutoka barua hadi barua. Katika barua ya mwisho nikaona umeupita wangu. Niliibusu karatasi ile, tena mbele za watu.

Alirudi. Mnajua mengine. Mnajua ni wangapi miongoni mwenu mmemwita, na ni watoto wangapi mlio nao hapa leo waliopita mikononi mwake, wengine wanalia sasa hivi nashindwa kusikika. Bi Mwanakombo alimkabidhi kazi mbele ya wanawake wote, akasema, sasa nina macho mapya. Na mimi wazazi wamerudi kuniletea watoto wao niwaandikie maombi. Naandika. Ila Damari huyasoma kwanza, ndipo yanakwenda posta, na ni yeye anayeyatia katika mfuko wa barua. Ndivyo tulivyokubaliana.

Basi ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenivumilia. Namshukuru mke wangu. Nawashukuru wazee wa kanisa, na Bi Mwanakombo aketiye pale mlangoni. Na nataka nimwite mtu mmoja, simjui ni nani. Wewe ambaye mwenzako anapanda na moyo wako unachacha, usione haya. Nenda kamwambie Bwana kama ilivyo. Hatakutupa. Nilidhani mke wangu akipanda nitampoteza, na Bwana akanirudishia mke, tena akawapa nyinyi mkunga. Na wewe binti uliyekataliwa mara moja, omba tena. Wewe mzazi usiye na kitu, usimfungie mtoto mlango kwa sababu huna kitu. Mimi nimeona nafasi ikifunguka mahali nilipokwisha kukata tamaa. Njooni nyumbani kwetu baada ya ibada, karatasi zipo, wino upo, tutaandika pamoja, na Bwana ndiye ajuaye mlango gani utafunguka.

Ningependa Damari mwenyewe angekuwa hapa aniambie kama nimesema kweli, lakini asubuhi hii ameitwa kambini kabla hata ya chai, na... Ngojeni. Ndugu zangu, geukeni mtazame mlangoni. Ndiye huyo anaingia, na mikono bado ina maji. Ananionyesha vidole viwili. Mama yao ni mzima? Anasema ni mzima. Ni mapacha, ndugu zangu! Simameni, simameni wote, tumwimbie Mungu.